OsmAnd na Barabara za Milimani: Tathmini kwa Mwendesha Pikipiki wa Dodoma

Programu ya ramani iitwayo OsmAnd ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu yeyote anayeandaa safari ya kiangazi ya pikipiki kutoka Dodoma kwenda kwenye barabara za milimani, na sababu iliyo kubwa kuliko nyingine zote ni kwamba inamwonyesha msafiri mlima kabla hajaufikia. Mwenye gari anaweza kupanga safari yake kwa kilomita peke yake na asipate hasara kubwa, kwa kuwa injini yake ina nguvu ya ziada na giza likimkuta njiani bado yumo ndani. Mwendesha pikipiki ya sentimita za ujazo 125 au 150, mwenye mzigo uliofungwa nyuma na pengine abiria, hana nafasi hiyo. Kwake kilomita kumi za tambarare ya Bahi na kilomita kumi za kupanda mlima wa Nyang'oro, kwenye barabara ya Iringa, ni kazi mbili tofauti kabisa kwa injini, kwa breki, kwa mafuta na kwa mwili wake mwenyewe, na ramani inayoziandika zote mbili kuwa ni kilomita kumi tu haijamsaidia kupanga chochote.

OsmAnd hufanya kazi katika simu za Android na za iPhone, na imekuwepo tangu mwaka 2010. Ramani zake hazichorwi na kampuni, bali zinatokana na OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambao watu wa kujitolea duniani kote huchora barabara, vijiji, mito, visima na vituo vya mafuta, kisha taarifa hizo zikatumiwa bure na yeyote anayezihitaji. Mtumiaji hupakua ramani ya nchi mara moja, ikakaa ndani ya simu, na tangu hapo hahitaji bando wala mnara ili kuona alipo, kwa sababu simu hupata mahali ilipo kwa ishara za setilaiti. Wakazi wa mjini wanaweza kuliona hilo kuwa jambo dogo, lakini aliyewahi kupita kati ya Chipogolo na Mtera, au kwenye mabonde ya nyuma ya Mpwapwa, anajua kwamba mtandao hukatika pale pale ambapo njia panda haina kibao.

Mfano ulio bora wa faida yake ni barabara ya kutoka Dodoma kwenda Iringa. Ni barabara ya lami ya takribani kilomita 260, na mtu anayeisoma kwenye ramani ya kawaida huona mstari unaoelekea kusini bila mambo mengi. Ukiipanga kwa OsmAnd na kufungua maelezo ya njia, chini ya ramani hutokea grafu ya mwinuko, na hapo safari hubadilika sura. Unaanzia Dodoma kwenye kimo cha takribani mita 1,120 kutoka usawa wa bahari. Unashuka mteremko wa Fufu hadi Bwawa la Mtera, ambalo usawa wake wa juu kabisa wa maji ni mita 698.5, kisha, baada ya Migori na Izazi, unaanza kupanda Nyang'oro na kuendelea kupanda hadi Iringa mjini, kwenye kimo cha takribani mita 1,600. Kwa maneno mengine, safari inayoonekana kuwa ya mji mmoja wa nyanda za juu kwenda mji mwingine wa nyanda za juu ina bonde kubwa katikati yake, na sehemu ngumu yote iko katika nusu ya pili, wakati jua limekwisha kuwa kali, mgongo umechoka na pikipiki imepata joto.

Nimeieleza grafu hiyo kwa kirefu kwa sababu maamuzi mengi ya safari hutoka humo. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kusukumia hewa ya ziada ndani ya injini, hupoteza takribani asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda, kwa kuwa hewa huwa nyepesi zaidi. Kutoka Mtera hadi Iringa, basi, pikipiki hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu katika kipande kile kile kinachodai nguvu zaidi. Pikipiki ya kabureta huonyesha dalili mapema: hewa inapungua, petroli inabaki ile ile, mchanganyiko unakuwa mzito, injini inavuta kwa uvivu na mafuta yanaisha haraka kuliko ulivyozoea mjini. Anayeiona grafu akiwa bado nyumbani atamwomba fundi asafishe kabureta na kichujio cha hewa, aangalie plagi, na kama mzigo ni mkubwa, apime upya kama meno ya sproketi aliyonayo yanafaa kwa kupanda au yaliwekwa kwa ajili ya kukimbia kwenye tambarare. Atapunguza mzigo pia. Asiyeiona atayajifunza hayo yote Nyang'oro, akiwa kwenye gia ya pili, huku lori likipiga honi nyuma yake.

Jambo la pili linalotoka kwenye grafu ni mwelekeo wa safari. Mzunguko ninaoupenda zaidi kwa wenzetu wa Dodoma ni wa kusini: Dodoma, Mtera, Iringa, kisha kushuka mlima wa Kitonga kwa barabara kuu ya Tanzania na Zambia, kupita Ruaha Mbuyuni na Mikumi hadi Morogoro, na kurudi nyumbani kwa njia ya Dumila, Gairo na Kibaigwa. Kwa jumla ni zaidi ya kilomita 800, zote za lami, na siku tatu zinatosha bila kukimbizana, nne zikiwa bora zaidi. Mzunguko huo unaweza kuuanza upande wowote, na watu wengi huchagua kwa mazoea tu. Ukiupanga kwa OsmAnd pande zote mbili na kulinganisha grafu, unaona kwamba kuanzia Iringa kunakupa Kitonga ukiwa unashuka, asubuhi ya siku ya pili, breki zikiwa baridi na macho yakiwa yamepumzika, ilhali kuanzia Morogoro kunakupa Kitonga ukiwa unapanda mchana nyuma ya malori yenye mizigo yanayotembea polepole, ambayo hutayapita kwa usalama kwenye kona zile. Mimi nachagua kushuka, na nasimamia uchaguzi huo, ingawa wapo waendeshaji wazoefu wanaoona kuwa kupanda ni salama zaidi kwa sababu pikipiki inayopanda husimama haraka. Hoja yao ina uzito kwa mtu ambaye hajazoea kushuka kwa gia. Kanuni ya kushuka ni ile ile waliyotufundisha madereva wa malori: shuka kwa gia ambayo ungeitumia kupandia, iache injini ikushike, na breki uziguse kwa vipindi tu. Pikipiki zetu nyingi zina breki za ngoma mbele na nyuma, na ngoma iliyobanwa mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata joto hadi ikaacha kushika.

Hapa niongeze kwamba OsmAnd ina namna ya kupaka rangi mstari wa njia kulingana na ukali wa mteremko. Kabla ya kuondoka, ifuate Kitonga yote kwa kidole kwenye simu, uone mteremko mkali unapoanzia na unapoishia, uone pia mahali ambapo ardhi inatulia kidogo, ili ujue wapi unaweza kusimama kando na kuziacha breki zipoe. Hayo hayaondoi hatari, lakini kuna tofauti kubwa kati ya kuingia kwenye kona ukijua kuwa zimebaki tatu na kuingia ukitumaini kuwa ndiyo ya mwisho.

Suala la muda ndilo ambalo mtumiaji anapaswa kulisimamia mwenyewe, kwa sababu programu hukokotoa saa za safari kwa kuangalia aina ya barabara na mwendo unaoruhusiwa, nayo haiwezi kujua matuta yaliyowekwa kila penye makazi, malori yaliyojipanga mlimani, kizuizi cha ukaguzi, wala ng'ombe wanaorudi zizini jioni na kuijaza barabara yote. Sheria inataka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na kati ya Dodoma na Iringa makazi ni mengi. Kuna pia kipande cha takribani kilomita 50 kinachokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako mwendo umewekewa kikomo kwa ajili ya wanyama, na faini hutozwa kwa anayekiuka au kugonga mnyama. Mwenye pikipiki ana sababu iliyo nzito kuliko faini ya kwenda polepole hapo: tembo na nyati hawana habari na kofia yake ngumu. Asipite hapo baada ya jua kuzama, hata kama kituo cha kulala kimebaki karibu.

Kwa hiyo mimi huwashauri watu waupuuze muda unaotolewa na programu na badala yake wahesabu kilomita 50 kwa saa kwenye lami ya milimani, mapumziko mafupi yakiwemo. Kwa kipimo hicho Dodoma hadi Iringa ni saa tano na zaidi kidogo za kuwa njiani. Ukiongeza saa moja ya kula na kunyoosha miguu Mtera, anayeondoka saa moja asubuhi hufika yapata saa saba mchana, akiwa na akiba nzuri ya mwanga endapo gurudumu litapata pancha au cheni italegea. Akiba hiyo ni ya lazima. Mwezi Juni na Julai jua huchomoza Dodoma karibu na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano asubuhi na kuzama yapata saa kumi na mbili na nusu jioni, na giza letu huingia upesi. Taa ya pikipiki ndogo inatosha kwa mitaa ya Area C na Nkuhungu; kwa kona za mlimani zenye ukungu au vumbi haitoshi.

Kuhusu mafuta, programu inasaidia kwa kiasi fulani, na ni vyema kukijua kiasi chenyewe. Vituo vya mafuta vilivyochorwa huonekana kwenye ramani na vinaweza kutafutwa kando ya njia uliyoipanga, lakini alama ya kituo ni ushahidi kwamba kuna mtu alikiona kituo siku alipochora, wala si ushahidi kwamba leo kina petroli. Pikipiki ya sentimita za ujazo 150 iliyo katika hali nzuri, ikiwa na mzigo na ikipanda milima, ipangiwe kilomita 35 kwa lita moja, hata kama mjini hufanya vizuri zaidi. Dodoma hadi Iringa, basi, ni lita saba na nusu hivi, na tangi la lita 11 linafika bila wasiwasi iwapo lilijazwa pomoni asubuhi. Jaza Dodoma, jaza Iringa kabla ya kushuka Kitonga, jaza Mikumi au Morogoro, jaza Gairo hata kama bado unayo nusu. Kwa bajeti, EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na orodha yake hutaja bei za maeneo mbalimbali, kwa hiyo gharama ya petroli ya safari nzima inaweza kukadiriwa mapema. Vituo utakavyovichagua viweke kwenye orodha ya maeneo unayoyapenda ndani ya programu, kila kimoja kikiwa na jina lake. Huko njiani hutapata nafasi ya kutafuta.

Sasa nije kwenye barabara zisizo za lami, ambako programu hii inastahili sifa na tahadhari kwa pamoja. Baada ya kupanga njia, OsmAnd huonyesha ni kilomita ngapi za lami, ngapi za changarawe na ngapi za udongo, na mtumiaji anaweza kuiagiza iepuke barabara zisizo na lami. Kwa upande wa kaskazini msaada huo ni dhahiri. Barabara kuu ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251 na iliyozinduliwa rasmi mwaka 2018, ni lami njia nzima kupitia Mayamaya, Kondoa, Kolo, Bereko na Bonga, na milima ya kati ya Kondoa na Babati ni miongoni mwa maeneo mazuri kuliko yote ambayo mwendesha pikipiki anaweza kuyapata karibu na makao makuu ya nchi: kona ndefu zinazofuatana kwa mpangilio, misitu ya miombo, na bonde la Irangi likifunguka mara upande huu, mara upande ule. Lakini anayetaka kuiona michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, anaiacha lami pale Kolo na kuingia kwenye njia za udongo na mawe, na mwisho wake anatembea kwa miguu kupanda kilima. Kwenye ramani njia hizo huonekana kwa mistari myembamba na yenye vitone, na maelezo ya njia husema wazi kuwa lami imekwisha. Msafiri aanzie ofisi ya Mambo ya Kale iliyopo Kolo, ambako atapata kibali na mtu wa kumwongoza, kwa kuwa mapango yametawanyika na hakuna programu inayoweza kuchukua nafasi ya mwenyeji.

Tahadhari inahusu njia ndogo zaidi, zile zinazopanda kutoka Mpwapwa kuelekea Kibakwe na milima ya Rubeho, au vichochoro vya vijijini Chamwino na Bahi. Sehemu kubwa ya njia kama hizo imechorwa na watu waliokuwa wakitazama picha za setilaiti wakiwa mbali sana na Tanzania. Wamefanya kazi ya thamani, na bila wao vijiji vingi visingekuwepo kwenye ramani yoyote ile. Hata hivyo, picha ya kutoka angani haitofautishi kwa urahisi barabara ya udongo na njia ya ng'ombe, wala haisemi kama daraja lilibaki baada ya masika. Huku kwetu kuna tatizo la ziada, nalo ni makorongo. Mto wa msimu uliokauka huonekana kama njia nyeupe, pana na safi, na hata pale ambapo barabara imechorwa kwa usahihi, huenda ikakatiza korongo lenye mchanga mzito unaomeza gurudumu la mbele la pikipiki. Programu itakuambia uvuke. Kwa njia za namna hiyo mimi natumia OsmAnd kujua mwinuko na mwelekeo tu, na habari za hali ya njia nazitafuta kwa bodaboda wa mji wa mwisho wenye lami, ambao huzipita kila siku wakiwa na abiria na magunia. Kijana wa kijiweni anayekwambia kwamba njia ya kushoto ina mchanga lakini ya kulia ina mawe amekupa taarifa ambayo hakuna setilaiti iliyonayo.

Msimu nao haumo ndani ya ramani. Katika kanda ya kati mvua hunyesha kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo ya safari za milimani. Ndani ya miezi hiyo kuna tofauti ambazo mpangaji anapaswa kuzizingatia: Juni hadi Agosti ni kipupwe, pepo za Dodoma huvuma kwa nguvu na kuisukuma pikipiki pembeni kwenye maeneo ya wazi, na asubuhi za Iringa huwa na baridi inayofanya vidole vishindwe kukamata klachi, hivyo glavu nzito na koti la kuzuia upepo ni vifaa vya usalama; ifikapo Oktoba baridi imekwisha, lakini joto la Mtera na la Ruaha Mbuyuni huwa kali, na maji ya kunywa yanahitajika kwa wingi zaidi. Anayelazimika kusafiri kuanzia Novemba asiitegemee ramani bila kufuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Tunakumbuka kwa majonzi jinsi tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yalivyoporomoka kutoka Mlima Hanang baada ya mvua kubwa na kuukumba mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mzunguko wa kaskazini, unaotoka Babati kupita Dareda na Katesh hadi Singida na kurudi Dodoma kwa njia ya Manyoni, unapita chini ya mlima huo wenye kimo cha takribani mita 3,420. Wakati wa kiangazi ni barabara tulivu na yenye mandhari ya kupendeza sana, na Hanang huonekana kwa muda mrefu kabla hujaifikia. Wakati wa mvua nzito, mtu asiye na dharura aiache.

Kwa matumizi ya barabarani nina machache ya kusema. Simu iwekwe kwenye kishikio imara kilichofungwa kwenye usukani, ikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji na vumbi, na maelekezo yasikilizwe kwa sauti kupitia spika moja ndogo ndani ya kofia ngumu, ili macho yabaki barabarani. Kioo cha simu kinachowaka mfululizo chini ya jua humaliza betri na kuipasha simu joto. Afadhali kukizima na kukiwasha kwenye njia panda. Betri ya akiba ni ya lazima. Njia nzima ihifadhiwe kama faili la GPX, aina ya faili la njia ambalo programu nyingi za ramani huweza kulifungua, kisha faili hilo lipewe mtu wa nyumbani pamoja na mpangilio wa mahali pa kulala kila siku, ili ukichelewa wajue waanze kuulizia wapi. Na pamoja na yote hayo, karatasi moja yenye orodha ya miji, umbali na vituo vya mafuta ikae mfukoni, kwa kuwa simu huanguka na kuvunjika.

Mtu akiniuliza kama si rahisi zaidi kutumia ramani za Google ambazo tayari zimo ndani ya simu yake, nitamjibu kwamba kwa mjini ni rahisi zaidi, na mimi mwenyewe huzitumia kutafuta duka la vipuri au nyumba ya wageni, kwa sababu majina ya biashara yamejaa humo kuliko kwenye OpenStreetMap. Sehemu ya ramani hizo huweza pia kupakuliwa kwa matumizi ya bila mtandao. Kinachonifanya nirudi OsmAnd kila ninapopanga safari ya mlimani ni ile grafu ya mwinuko, mgawanyo wa aina za barabara, na uhuru wa kuivuta njia kwa kidole kutoka kona moja hadi nyingine mpaka ikae ninavyotaka. Kwa upande mwingine, OsmAnd ni nzito kujifunza. Vitufe ni vingi, mipangilio imejificha ndani ya mipangilio mingine, na anayeifungua kwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia safari ataifunga kwa hasira. Ipewe jioni kadhaa za mazoezi, kwanza kwa safari ndogo kama ya kwenda Hombolo au Kongwa, na mtumiaji achague mapema hali ya pikipiki badala ya hali ya gari.

Jambo ambalo limenifanya niipende zaidi ni kwamba ramani yake inaweza kurekebishwa na sisi wenyewe. Kuanzia mwaka 2015, kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam walichora mitaa yao inayokumbwa na mafuriko, na kazi yao ikaingia kwenye OpenStreetMap, ambako mpaka leo inatumika. Waendesha pikipiki wa Dodoma tunapita kila siku kwenye njia ambazo hakuna gari la wachora ramani litakalofika. OsmAnd ina sehemu ya kuongeza na kusahihisha taarifa za OpenStreetMap: mtu akifika Kibakwe na kukuta kituo cha mafuta ambacho hakijaandikwa, anaweza kukiweka, akikuta barabara iliyochorwa kuwa ya magari kumbe ni njia ya miguu, anaweza kuripoti. Laiti kila kijiwe cha bodaboda cha mkoa huu kingekuwa na kijana mmoja anayeifahamu kazi hiyo, ramani ya kanda ya kati ingekuwa bora kuliko ya maeneo mengi ya Afrika Mashariki, na faida yake ingewafikia pia madereva wa magari ya wagonjwa na wauguzi wanaotafuta vijiji vya mbali.

Mwisho ni kuhusu gharama. Toleo la bure lina kikomo cha idadi ya mafaili ya ramani yanayoweza kupakuliwa, lakini kwa anayesafiri ndani ya nchi kikomo hicho hakisumbui. Mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, na vivuli vinavyoonyesha umbo la milima ni sehemu ya toleo la kulipia, na mafaili yake hupakuliwa peke yake. Kwa mzunguko wa lami wa Iringa na Kitonga, au wa Kondoa na Hanang, toleo la bure linatosha, kwa sababu grafu ya njia ndiyo inayofanya kazi kubwa. Anayekusudia kuingia Rubeho au kutafuta njia za pembeni alipie kontua, kwa maana huko atahitaji kusoma bonde zima na siyo mstari mmoja. Ramani zisasishwe kwa waifai juma moja kabla ya kuondoka, kisha njia yote ipangwe upya, kwani huenda kuna mtu ameongeza daraja, kituo au njia ya mkato tangu ulipoitazama mara ya mwisho.